Pompo ya Samaki

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Nilisoma shule ya msingi tu, na mkono huu umezoea spana kuliko kalamu. Mstari mmoja unanichelewesha kama bolti yenye kutu. Mkiona r mahali pa l, au l mahali pa r, msinicheke sana. Sisi wa Kigali ulimi wetu hauoni tofauti yake, na jirani yangu hapa Batsinda, mama aliyekulia Bukoba, amenisahihishia nyingi lakini amesema zilizobaki ni za Mungu. Ninaandika kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Anastazi, kule Kagarama, na binti yake akaniomba niseme neno. Nikasimama. Watu wakangoja. Nikatazama udongo mwekundu kwenye viatu vyangu, nikakaa tena bila kusema kitu. Tangu siku hiyo situlii. Naosha sufuria zilizokwisha oshwa, nafungua mlango, natazama nje, naufunga. Lile neno lililonikwama kaburini halijashuka wala halijatoka. Basi nimeona niliandike, polepole, labda litapita kwenye vidole.

Mwaka ninaoutaka ni wa tisini na mbili. Ya kwetu, na jinsi nilivyofika Kigali, nayaruka; hayana tofauti na ya wengine. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa na nilifanya kazi kwa Fundi Sefu, mtu wa Biryogo, mtaa wa Waswahili, mwenye karakana Gikondo, chini bondeni nyuma ya maghala ya kahawa. Ilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha nyuma nilichopewa nilale, kati ya rafu ya vyuma vibovu na dirisha la nondo. Asubuhi nilikuwa naamka na harufu ya kahawa mbichi upande mmoja na petroli upande mwingine, na mpaka leo nikinywa kahawa natafuta petroli yake. Tulikuwa tunatengeneza breki na jeki, basi. Mlangoni kulikuwa na meza ya breki, ukutani meza ya jeki, na kitambaa cha meza moja kilikuwa hakigusi nyingine. Hiyo ilikuwa sheria ya Fundi, kubwa kuliko saa ya kufungua na kufunga. Raba za breki zinataka maji yake maalumu, yale tunayoyaita likidi. Ukizigusisha mafuta ya mashine zinavimba na gari linamuua mtu. Raba za jeki ni kinyume chake, zenyewe zinaishi ndani ya mafuta. "Raba ya breki hainywi mafuta," alikuwa anasema, kama mtu anayesema Mwislamu hanywi pombe, na ukikosea alikuwa anakutuma uoge mikono mpaka kwenye viwiko.

Breki za lori nilikuwa nazifunga mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ila nilikuwa sisemi. Mteja akiniuliza bei nilimwonyesha Fundi kwa kidevu. Wachomeleaji wa upande wa pili wa ukuta wa bati, vijana wenye midomo, wakanibatiza Redio. "Redio, leo kuna habari gani?" Mimi kimya. "Jamani, betri zimekwisha!" Wakacheka, na Fundi naye akacheka ndani ya masharubu. Miaka miwili baadaye, kwa yale redio ya kweli iliyoyatangaza, hakuna aliyeweza kulitamka neno hilo kwa mzaha, wala mimi nisingeliitikia. Lakini mwaka ule lilikuwa bado jina la utani, na nakiri kuwa lilinipendeza. Mtu asiyesema anashukuru kuitwa chochote.

Mchana Mama Asha, mke wa Fundi, alikuwa anatuletea chakula kwenye beseni lililofunikwa kwa kanga: mihogo na maharage, siku nyingine ugali na isombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, yenye mafuta ya mawese mpaka vidole vinakuwa vya rangi ya machungwa. Tulikuwa tunakula tukiwa tumechuchumaa, na maneno yalikuwa yanaingia juu ya bati bila kubisha hodi. Kaskazini kuna vita. Fulani amechukuliwa akiwa na kanzu ya kulalia. Nyumba fulani wamepekua mpaka ndani ya mtungi wa maziwa, wanatafuta silaha. Mama Asha akisikia hayo alikuwa anapandisha sauti kumwuliza Fundi kama chumvi imetosha. Nakumbuka hiyo kuliko vita vyenyewe: mwanamke anayeuliza juu ya chumvi kwa sauti ya kuita ng'ombe. Hatukuwa tunatulia hata tukiwa tumekaa. Gari likisimama nje, vijiko vinasimama. Likiondoka, vinaendelea.

Siku moja ya mwanzo wa kiangazi akaingia mtu mwembamba aliyekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka. Huyo ndiye Anastazi. Alikuwa mpishi wa Muzungu mmoja wa Kiyovu, na Muzungu alipoona vita vinakuja akapanda ndege, akamwachia mpishi sufuria, mbwa, na hicho kitu. Mbwa alikufa. Sufuria aliziuza. Kilichobaki ndicho kilichokuwa kinalisha watoto wake wanne: kila Jumamosi alikuwa anakwenda ziwa la Muhazi, anazama na miwani ya maji usoni, anarudi na samaki wa ngege wanene, anawapeleka kwa mwenye hoteli aliyewapenda kwa sababu hawakuharibiwa na nyavu. Akafungua shuka juu ya meza ya breki. Lilikuwa bomba jeusi la chuma lenye urefu wa mkono na nusu, mpini nyuma, kitufe cha kuvuta, na mbele tundu la kuingizia mshale.

"Fundi, nakuomba," akasema. "Hii bunduki yangu imechoka. Mushare inatoka pore-pore kama mugonjwa anakwenda choo. Samaki inaniangaria tu, inaniambia pore mzee."

Ng'ambo ya bati nyundo zikanyamaza. Fundi Sefu akaivuta shuka haraka akakifunika.

"Hapa hatuna bunduki," akasema kwa sauti, ukuta mzima usikie. Kisha akainama. "We mzee, una wazimu? Neno hilo unalileta mchana? Kinaendeshwa na nini?"

"Upepo. Unapompa na mukono, unajaza upepo."

"Basi ni pompo." Akapandisha tena sauti. "Pompo! Pompo ya samaki! Redio, lete beseni tufungue pompo ya mzee."

Kuanzia hapo hakuna aliyekiita jina jingine. Hata Mama Asha aliuliza, "Ile pompo imepona?" Leo, nikikaa kwenye kiti hiki na kuifikiria, naona kwamba neno lilelile lililotulinda ndilo lililotupoteza. Kwa sababu kwetu pompo ilikuwa kitu kimoja tu, pompo ya breki. Lau Fundi angekiita bunduki angekiogopa, angekichunguza kama kitu kigeni. Alipokiita pompo, mikono yake ikakijua kabla ya macho kukitazama.

Kwanza tulitoa upepo. Nyuma ya mpini kulikuwa na kifuniko, ndani yake vali ndogo kama ya tairi, na msumari mwembamba uliofungwa kwa uzi ili usipotee. Anastazi alituonyesha, akasema Muzungu wake alimwapisha: usifungue kabla haijamaliza kupumua. Ikapumua. Nikaifungua nikapanga vipande juu ya gunia. Ndani ya kasiba kulikuwa na pistoni inayorudi nyuma mshale unaposukumwa, inabana upepo, inashikwa na kitufe. Ukivuta, upepo unaitupa mbele pamoja na mshale. Kwenye pistoni kulikuwa na oringi mbili, pete za raba, zimepasuka kama midomo ya kiangazi. Upepo ulikuwa unapita hapo. Fundi akachagua mbili kutoka kwenye kopo la breki, zikakaa kana kwamba zilizaliwa nayo, akazipaka likidi, tukafunga, tukapompa, na uani akaulenga mgomba. Mshale ukaingia mpaka ukatokea upande wa pili. Anastazi akapiga makofi kama yuko kanisani.

"Ila sikiliza," Fundi akamwambia. "Usiinyweshe mafuta. Raba hii hainywi."

"Ndiyo, Fundi."

Lakini Anastazi alikuwa na sheria yake, na yeye alipewa na mwenye kitu. Kijiko kimoja cha mafuta ya cherehani ndani ya bomba, mara kwa mara, maana bila hivyo maji ya ziwa yanakula chuma. Wiki ilipopita akarudi. Mshale unakwama. Fundi akanusa mpini, akatazama juu kama anayeomba subira.

"Umeinywesha!"

"Kidogo, Fundi. Kijiko."

"Kijiko! Mke wako akikutilia sumu kijiko utasema kidogo?"

"Sasa niache chuma yangu ioze? Muzungu wangu alikuwa anaweka mafuta, na yeye ndiye alinunua!"

Walibishana mpaka wachomeleaji wakaja kusimama mlangoni. Nikaitoa pistoni. Oringi zilikuwa zimenona kama maharage yaliyolazwa kwenye maji, hazikuingia tena kwenye mfereji wake. Fundi alisema kweli: raba ile hainywi mafuta. Lakini nilipokuwa naiosha kasiba kidole changu kikapata vumbi la kutu, kutu changa ya wiki moja, mahali ambapo likidi ilikuwa imechukuliwa na maji. Anastazi naye alisema kweli: chuma kile hakiishi bila mafuta. Wote wawili walikuwa na haki, na kitu kikawa kinakufa katikati yao. Nilitafuna jambo hilo usiku na mchana. Nilichukua oringi ya jeki, ya kipimo kilekile, nikaiweka ndani ya kisoda chenye mafuta ya cherehani dirishani kwangu, na pembeni yake ya breki. Ya breki ikavimba. Ya jeki ikabaki ilivyo, imetulia, kama mtu aliye kwao.

Nikaenda kusema. Fundi alikuwa anafunga oringi mpya za breki kwenye pistoni kwa mara ya pili.

"Fundi."

"Ee?"

"Oringi..."

"Oringi zimefanya nini?"

Mmoja wa wachomeleaji alikuwa amesimama pale akiomba kiberiti. "Kimya jamani, Redio imeshika mawimbi!" Wote wakanigeukia. Damu ikanipanda masikioni, maneno yakashuka nisijue yalikwenda wapi. "Hakuna," nikasema. Fundi akampa Anastazi kitu chake na amri mpya: Jumamosi mimi niende naye mpaka ziwani, nimchunge asitie mafuta.

Hakujua kwamba Anastazi alikuwa amekwisha kutia, jioni ileile, nyumbani, mbele ya mke wake. Aliniambia tukiwa nyuma ya pikapu ya wachuuzi wa maziwa, kati ya makopo matupu, akicheka kwa aibu. "Sasa utanisemea kwa Fundi?" Nikatikisa kichwa. "Najua," akasema. "Kwa hiyo nimekubari uje." Ziwani alipiga samaki wa kwanza, wa pili, watano au sita, na kila mara mshale ulitoka kwa uvivu zaidi. Kisha akausukuma mshale ndani kwa ajili ya samaki mwingine, ukashika, akavuta kitufe, na haukutoka. Akavuta tena. Kimya. Alipotoka majini akataka kutoa upepo kwa msumari, lakini pikapu ilikuwa inapiga honi barabarani, dereva akitukana, maana hakuna aliyetaka kuwa njiani jua likiinama. Tukaifunga kwenye shuka hivyohivyo, mshale ndani, upepo wote nyuma yake, tukakimbia.

Kwenye kizuizi cha kuingilia mjini askari wa asubuhi walikuwa wamebadilishwa. Mkubwa wao, mtu mpana mwenye macho ya kukosa usingizi, akapita akigonga makopo kwa fimbo. Akafika kwenye shuka.

"Hii ni nini?" Aliuliza kwa Kiswahili, kile cha kambini.

Na Anastazi, ambaye wiki zote hizo alikuwa amejifunza kusema pompo, aliyeapa kwetu kwamba hatasahau, akasimama wima na kujibu kwa lugha ya mama yake: "Afande, ni imbunda y'amafi." Bunduki ya samaki.

Fimbo yake ikagonga shuka.

"Umesema imbunda?"

"Ya samaki, afande. Samaki!"

"Samaki wanapigana na nani?" Askari wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Shuka chini. Wewe mwenye imbunda, shuka. Piga magoti hapo."

Anastazi akapiga magoti kwenye changarawe, mikono kichwani, shati bado bichi kwa maji ya ziwa. Mama mwenye maziwa alijifunika uso kwa kitenge. Afande akafungua shuka, akakinyanyua kile kitu, akakizungusha, akatia kidole chake kwenye kitufe kama kila mtu anavyofanya akishika kitu chenye kitufe, na mdomo wa bomba ukawa unamtazama Anastazi kifuani. Nilijua kilichokuwa ndani. Raba iliyovimba ndiyo iliyokuwa imeuzuia mshale, na raba haina ahadi. Kitufe kikivutwa mara ya tatu, mshale unaweza kukaa, na unaweza kutoka. Nikangoja mtu aseme. Nilikuwa nimezoea kwamba daima kuna mtu atakayesema. Anastazi alikuwa anaomba kwa midomo tu.

"Afande," sauti ikasema, na ilikuwa yangu. "Usishike hapo."

Akanigeukia, na bomba likageuka naye.

"Ni pompo. Ina upepo ndani, imekwama. Ukivuta mshale unaweza kutoka, unaweza usitoke. Hata mimi sijui."

"Na wewe ni nani?"

"Fundi," nikasema. Sikuwa nimewahi kujiita hivyo.

"Fundi wa bunduki?"

"Wa breki, afande. Breki na jeki. Iangalishe chini, nikuonyeshe. Usiniachie, shika wewe mwenyewe. Mimi nitagusa nyuma tu."

Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa sababu nilimwambia ashike yeye. Akaielekeza kwenye ukingo wa udongo. Nikafungua kifuniko, uzi ukanitoka mara mbili, nikapata msumari, nikabonyeza. Ikalia psiiii, ndefu, kama kitu kilichokuwa kimeshika pumzi tangu asubuhi, na povu jeupe la mafuta na likidi likamrukia afande mkononi na kifuani. Bunduki zote za kweli zikainuka. Yeye akabaki amesimama, akajitazama, akanusa kiganja.

"Inanuka breki," akasema.

"Ndiyo, afande. Ndiyo ugonjwa wake."

"Nimeendesha lori miaka mingi. Nani mjinga ametia likidi kwenye kitu cha maji?" Kumsema Fundi mbele ya askari sikuweza. Akauvuta mshale kwa vidole viwili, ukatoka laini kama kijiti kwenye uji. Akatikisa bomba, akachungulia. Hakuna risasi, hakuna kitu. "Upepo tu," akawaambia wenzake, na sasa akacheka. Akapangusa mkono wake kwenye shati la Anastazi, akachagua ngege wawili wakubwa. "Hawa wafungwa wa vita wanabaki. Nyinyi nendeni."

Pikapu ilipoondoka Anastazi akaanza kujitoa changarawe magotini. "Nimesema imbunda," akarudia. "Mungu wangu. Nimeisema." Kisha akanigeukia. "Kumbe uko na sauti." Mpaka Gikondo hakusema kingine, na mimi, niliyefunguliwa kifuniko, nilisema njia nzima. Nilimweleza oringi, kisoda, dirisha, maharage. Hakuelewa hata nusu.

Jumatatu nikamkuta Fundi Sefu anakunywa chai, pompo iko mbele yake kwenye meza ya breki. Wachomeleaji walikuwepo. Nikasema hapohapo, kabla damu haijafika masikioni.

"Fundi, hii si pompo. Pompo ya breki unaikanyaga, unaiachia, inarudi. Hii inabeba mzigo inakaa nao mpaka uiruhusu. Hii ni jeki."

Hakuna aliyetania. Fundi akaweka kikombe chini. Akakitazama kile kitu kama mtu aliyekuwa akimwamkia jirani kwa jina la ndugu yake. Hakusema nimekosea, wala nimepatia; wanaume wa rika lake hawakuwa na neno hilo kwa msichana. Alisimama, akakiinua kwa mikono yote miwili, akakivusha chumba kizima, akakilaza kwenye meza ya jeki, juu ya kitambaa cha jeki. Kisha akanirushia kopo la oringi.

"Basi fungua," akasema. "Fundi."

Haikukwama tena. Anastazi aliwatia watoto wake samaki mdomoni mwaka ule na uliofuata. Ya baada ya hapo siandiki. Mkono wangu unakataa, na wengi mnayajua. Anastazi alipona, chuma chake kilipotea. Niliporudi Gikondo vita vilipokwisha, mlango wa karakana ulikuwa na kufuli nisilolijua, na meza zote mbili zilikuwa hazipo. Wengine waliniambia Fundi Sefu na Mama Asha walionekana njia ya Bukavu. Wengine walisema sivyo. Kaburini pale Kagarama nilitaka kuwaambia watu haya: kwamba yule mzee alipiga magoti kwenye changarawe, na kwamba mwenye kunifundisha breki na jeki alikuwa mbali bondeni, hajui kama kazi yake inamwua mtu au inamwokoa. Sikuweza. Sasa nimeweza.

Kwa hiyo nawaomba, mliosoma mpaka hapa, mniandikie. Mpeni barua yenu huyo aliyewapa karatasi hizi, itanifikia. Mistari miwili inatosha, na r na l andikeni mpendavyo. Kama Bukavu, au Uvira, au kokote, mmewahi kuona mzee wa Biryogo mwenye masharubu na meza mbili zisizopeana kitambaa, mwambieni Redio anauliza habari zake. Akikataa, akisema Redio alikuwa hasemi, basi ndiye.